Neno la Kiingereza la Fundi Nuksi

Saa tatu na nusu asubuhi, benchi la Mama Kahawa halikutulia. Fundi umeme waliyembandika jina la Nuksi alikuwa na barua mapajani, na saa nne bosi wa kiwandani angefunga kupokea maombi. Alishaitwa kwenye usaili mara mbili, mara mbili akakosa: kwanza lifti ilikwama naye ndani, kisha mbwa wa getini akamchana suruali. Sasa aliambiwa ajieleze kwa Kiingereza kwa nini hakufika, na lilibaki neno moja tu, la kutaja nuksi yake. Mama Kahawa, mtoto mgongoni, alimjazia kikombe bila kuulizwa.

— Weka “unlucky,” alisema Kinyozi, aliyeketi kando yake. Fupi, linaeleweka.

— Hilo la mtu aliyeachwa na basi! alifoka Karani Mstaafu. Huyu mbwa kamchagua kati ya watu ishirini! Weka “unfortunate.” Lina heshima, limevaa tai.

— Tai na suruali iliyochanika?

Nuksi alicheka kidogo, akatazama saa.

— Wazee wangu, dakika zinakwenda.

— Tulia, bwana mdogo, alisema Karani. “Hapless”! Huyo hata akilala, kitanda kinamhama.

— Dogo hilo! Kinyozi alisimama. “Ill-fated.” Huitwa hivyo meli zilizozama.

— Basi “cursed”! alidakia Karani. Aliyelaaniwa! Bosi ataogopa hata kumkatalia.

Nuksi aliandika, akafuta, akaandika tena, mpaka karatasi ikaanza kutoboka. Mama Kahawa akamshikia ncha ya barua isipeperuke.

Muuza mayai, mgeni pale benchini, alishusha trei zake.

— Samahani, kaka zangu. Kazi yenyewe ni ya nini?

— Nyaya kubwa za mitambo, dada, alijibu Nuksi.

— Sasa nyie, mtu aliyelaaniwa mngempa ashike nyaya zenu?

Kinyozi akachungulia kikombe kitupu.

Nuksi alifuta sentensi nzima.

— Niandike nini basi?

— Andika kwamba taa uliyonifungia mwanangu alipozaliwa haijaharibika hata siku moja, alisema Mama Kahawa.

— Kwa Kiingereza inasemwaje hiyo?

Kinyozi alimtazama Karani. Karani akatazama barabarani. Ilishagonga saa nne kasorobo.

Nuksi akaiandika kwa Kiswahili, akaondoka mbio.