Mpinzani wa Sebuleni

Mkunga alitoka zamu akitaka kusinzia tu basini, lakini mama aliyekaa mbele yake na mwanawe, fundi redio, hawakumpa nafasi.

"Ule mkono wa chuma niliofunga sebuleni ni mchezo, mama," fundi alisema. "Watu wanauendesha kwa simu, kupitia intaneti. Wanajenga mnara kwa vile vibao vya mbao nilivyoweka mezani." "Watu gani?" "Siwajui. Wako mbali huko." "Kumbe. Mimi kila asubuhi naukuta mnara mezani, nauvunja, vibao navirudisha boksini. Nikajua ni wewe, mtu mzima huna haya." "Basi wanakuona kwenye kamera. Wanadhani wewe ndiye mpinzani wao."

Mkunga naye usingizi ulishamruka, na alikuwa haelewi kitu.

"Wananiona na khanga ya kulalia?" "Wanakupenda, mama. Ukihamia kwa dada leo, watacheza na nani?" "Yaani nisiende kwa binti yangu kwa ajili ya watu usiowajua?"

Basi lilisimama. Mama akabeba begi lake, akashuka, kisha akamgeukia mwanawe aliyebaki dirishani. "Wasalimie," alisema.

"Kina nani?"

"Hao hao."

Mkunga nusura atume na salamu zake.