Mzee Abbasi Twalibu na Vibete Wake wa Ngorongo

Assalaam alaykum, ndugu, majirani na nyote mlioacha mahindi shambani kuja kumsitiri mzee wetu. Familia imeona maisha yake yasomwe kama yalivyokuwa, pamoja na mbwa, kwa sababu kuyasoma bila mbwa ni kumzika mtu mwingine.

Mzee Abbasi Twalibu alizaliwa hapa Ngorongo tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Twalibu na marehemu Bibi Mwanajuma, akasoma chuo cha Kurani, kisha shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1965 hadi 1971, na mwaka 1975 akaajiriwa kuwa karani wa ghala la korosho Kibiti, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2012 na kurudi shambani moja kwa moja.

Mapenzi yake yalianza mwaka 1979, pale mpima barabara mmoja aliyekuwa na kambi Mloka alipohamishwa, akamwachia jike dogo la mbwa, miguu mifupi, masikio yamesimama, rangi ya tope kavu, watu wakacheka wakisema nyani atamtafuna kama muwa. Marehemu akamzalisha na mbwa wa hapahapa, akachagua, akarudia, kizazi baada ya kizazi, hadi akapata mbwa anayepenya kwenye mpunga asivunje bua, tofauti na majibwa yanayofukuza ngedere mmoja na kulaza shamba zima, mbwa asiye mlafi, mwenye kelele za kumfanya tumbili ajute kuzaliwa, akamwita Kibete wa Ngorongo.

Barazani yalisemwa mengi, kwamba mbwa ni najisi na mtu wa ibada hakai nao. Marehemu aliijua dini yake, alijua kuwa mkulima ameruhusiwa mbwa wa kulinda shamba, akawajengea banda mbali na nyumba, wakawa na vyombo vyao, na hakuswali bila kujitoharisha kwa maji na udongo kama inavyotakiwa. Alipomuoa Bi Hadija binti Hemedy wa Utete, tarehe 9 Juni 1984, sharti la bibi harusi lilikuwa mbwa wasivuke mlango wake, na halijavunjwa hadi leo. Bi Hadija hakuwahi kuwapenda mbwa hao, tunaomba asitokee mtu wa kumpamba kwa kusema aliwapenda, yeye husema tu, "Mimi nimeolewa na Abbasi, hao ni wageni wake." Mwenyezi Mungu akawajalia watoto watatu, Muzdalifa, Ismaily na Sabra.

Alichokitaka marehemu kilikuwa kimoja, mbwa wake watambuliwe kuwa mbegu, wapewe uwanja wao kwenye maonesho ya wakulima kama wanavyopewa mbuzi na kuku. Kila mwaka aliwaogesha, akawachana kwa brashi ya nguo, akaenda nao, akarudi nao. Mwaka 1998 walikubaliwa, wakawekwa kando ya sungura, lakini mwamuzi alikuwa na udhu wake, hakutaka kuwagusa, akawakagua kwa fimbo, na mbwa aliyelelewa kukimbiza kila kinachochungulia shambani akaidaka fimbo ile na kutimka nayo mbele ya mgeni rasmi, basi wakaambiwa hawana adabu na wasirudi.

Mwaka 2014 alikuja mwenyekiti mwingine wa maonesho, akamwambia marehemu kwamba uwanja atapewa, ila mbegu haiwi mbegu kwa kufugwa na mtu mmoja, aje na wafugaji wenzake. Siku hiyo mzee alirudi nyumbani akashindwa hata kukaa, alikula kasimama, kwa kuwa wenzake alikuwa nao tele, vitoto vya mbwa wake vilikuwa karibu kila shamba la bonde hili. Vilikuwa vimechukuliwa kimyakimya, kwa njia ya nyuma, na hao hao waliokuwa wakitema mate barazani. Akapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba akaambiwa hapafugwi mbwa. Kwa jirani yetu Fikirini alimkuta kibete kalala mlangoni, akauliza wa nani, naye Fikirini, bila kupepesa, akajibu, "Huyo mpita njia tu, baba."

Siku ya maonesho alisimama peke yake na mbwa wake, mwenyekiti akamngojea mpaka adhuhuri, kisha uwanja wakapewa bata mzinga. Marehemu hakumtukana mtu, alisema tu alipofika nyumbani, "Wangenikana mimi ningevumilia, wamemkana aliyewalindia chakula." Tangu hapo hakwenda tena, ila hakuacha kuzalisha, wala kugawa.

Mwaka 2022 alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, baadaye figo, akatibiwa Utete na Dar es Salaam, akafariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, akiwa na miaka sitini na minane. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ameacha mjane, watoto, wajukuu, na jike mmoja mwenye vitoto. Tangu jana, hata kaburi halijachimbwa, watu wamekuwa wakimvuta Ismaily pembeni, si kumpa pole bali kunong'ona kwamba mahindi yamekomaa na tumbili wameshuka. Jibu la familia ni hili, vitoto vitatolewa bure, kama alivyovitoa yeye, lakini vitatolewa hapa uwanjani tukirudi makaburini, mchana huu, na anayetaka atasimama, ataje jina lake, aseme mbele ya watu kuwa anafuga mbwa wa Abbasi. Njia ya nyuma tumeiziba kwa miiba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa ghala la Kibiti waliofika tangu asubuhi, kina mama waliopika, na majirani wote, akiwemo Fikirini, aliyempakia kwenye pikipiki yake hadi hospitali kila alipozidiwa na hakuchoka, wema wake tunaujua, tunachongoja ni sauti yake.

Pumzika kwa amani, mzee wetu, kazi ya kungojea watu wasimame sasa ni yetu.