Mama Sogea na Kipande cha Kando ya Mto

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyeitwa Mama Sogea. Kazi yake ilikuwa kusahihisha picha za ardhi zinazopigwa na setilaiti. Narudia: kusahihisha, si kupiga.

Jina alilipata nyumbani. Sebuleni kwake kulikuwa na kochi la mahameli. Siku moja mumewe alisimama mlangoni akilalamika kwamba watoto wamelichafua. Mama akaendelea kunywa chai yake, akasema, "Sogea kidogo, tazama tena." Mzee akasogea hadi dirishani. Doa halikuwapo; ulikuwa mwanga tu juu ya mahameli. Tangu hapo mtaa mzima ukamwita hivyo.

Na kazini ilikuwa hivyohivyo. Leo setilaiti inapita juu ya utosi wa msitu, kesho inautazama kwa ubavu. Msitu ni uleule, lakini mwanga unaorudi haulingani. Tena msitu haurudishi mwanga kama ardhi tupu, ambayo hung'aa zaidi. Kwa hiyo kila aina ya ardhi ina sahihisho lake.

Mwaka mmoja picha zilionyesha msitu mzima unang'aa, kana kwamba umefyekwa. Walinzi wa msitu wakawekwa kikaangoni. Mmoja wao alikuwa mdogo wake Mama Sogea, wa tumbo moja. Akapiga simu.

"Dada, hiyo mitambo yenu inatufukuzisha kazi bure."

"Mitambo haina ugomvi na wewe. Ngoja niangalie pembe ya kupigia picha."

Akasahihisha pembe, na mng'ao ukaondoka. Walinzi hawakuwa na kosa. Wenzake wakaanza kufunga mafaili, wengine wameshavaa makoti. Yeye hakufunga. Kuna kipande kando ya mto kilimkereketa. Picha zilizopigwa wima, zisizo na tatizo la pembe, zilikionyesha kinang'aa vilevile. Akaikagua ramani ya aina za ardhi waliyoitumia. Ilikuwa ya zamani. Ramani ilisema pale ni msitu, basi hesabu ikapasahihisha kama msitu, na kwa kufanya hivyo ikapaficha. Akaichora ramani upya. Pale palikuwa ardhi tupu, na lilikuwa eneo alilolilinda mdogo wake.

Binti yake anaikumbuka jioni ile. "Mama aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, nikikiacha kile kipande, hata wale niliowasafisha hakuna atakayeniamini juu yao."

Asubuhi akawapelekea wakubwa yote mawili: kuhusu msitu mzima walinzi hawana kosa, na kipande cha kando ya mto kimekatwa miti. Walinzi wengine wakabaki kazini. Mdogo wake akafukuzwa. Hakukanyaga tena kwa dada yake, na watoto wakakua bila mjomba.

Mama Sogea alifariki wiki iliyopita, baada ya kuugua. Siku ya msiba mjomba alifika. Akasimama mlangoni, haingii wala haondoki. Binti akamwambia, "Mjomba, sogea ndani." Akaingia, akakaa kwenye lile kochi.

"Walioikata ile miti walikuwa rafiki zangu," alisema. "Dada hakuniuliza hata siku moja. Alijua ningemdanganya." Akapitisha kiganja kwenye mahameli, kwenda na kurudi. "Nilikuwa nimepanga kuja mwezi huu."

Kwa mumewe, kwa binti yake, na kwa mjomba, poleni sana. Nawe unayetusikiliza, kama kuna nyumba uliyoacha kubisha hodi, usiipangie mwezi.