Kapteni Gideon Kipkoech na Uwanja wa Nyasi wa Moiben

Ndugu, jamaa na marafiki, kabla sijaanza naomba kila mmoja aone jambo hili akilini: ni Jumamosi jioni, ng'ombe wameondolewa kwenye uwanja wa nyasi ulio katika shamba letu hapa Moiben, sisi tumesimama kando ya ua, ndege ndogo nyeupe inashuka na mvua iko nyuma yake, inapita mahali ambapo magurudumu hugusa nyasi siku zote, nayo bado iko hewani. Mimi ni Jebet, dada mkubwa wa marehemu, nimefundisha watoto wadogo miaka mingi, kwa hiyo mtanivumilia nikisoma polepole.

Marehemu Kapteni Gideon Kipkoech alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 hapa Moiben, mtoto wa tatu wa Mzee Kimeli na marehemu mama yetu. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akaendelea na sekondari mjini Eldoret, na mwaka wa 1999 akaenda Nairobi kusomea urubani, naye Mzee akawaambia majirani kwamba kijana wake anajifunza kuendesha trekta ya juu.

Alirusha ndege za mizigo na za watalii kwa miaka mingi, na mwaka wa 2016 akanunua ndege yake ya viti vinne, akaiweka Eldoret, ambapo fundi wake, Bwana Wakoli, ameitunza tangu hapo. Alifunga ndoa na Chelimo tarehe 9 Desemba 2006 kanisani huko Cheptiret, wakajaliwa watoto wawili, Sharon na Felix.

Mnajua desturi yake: alipokuja nyumbani alipita kwanza chini chini juu ya uwanja ili ng'ombe watoke, na hapo ndipo alipotazama moshi wa jikoni kujua upepo unatoka wapi, kisha akazunguka na kutua. Jumamosi ya tarehe 10 Mei 2025 aliona mvua inakuja, akapiga simu kutoka Eldoret ng'ombe waondolewe mapema, wakaondolewa, naye akaja moja kwa moja bila kupita, wala hakuona kwamba moshi umelalia upande mwingine. Upepo ulimsukuma kutoka nyuma, ndege ikagusa nyasi ikiwa imeshapita katikati ya uwanja, na badala ya kuongeza nguvu apae tena, alishika breki kwenye nyasi zilizoloa tangu asubuhi, akateleza mpaka kwenye miti.

Alilazwa Eldoret, na simu ikilia nyumbani tulikuwa tunatazamana, kila mmoja akingoja mwingine aipokee. Jumatatu alipata fahamu, akasikia kwamba vijana wa hapa wamemwendea Wakoli wakimwuliza aliharibu nini kwenye ile ndege, na kwamba Wakoli anaogopa kulala kwake. Alituambia, Mzee, Chelimo na mimi tukiwa kando ya kitanda: "Ndege ilikuwa sawa. Ni mimi sikuzunguka, nilikuwa na haraka. Msikubali mtu amguse Wakoli." Alituacha Jumatano, tarehe 14 Mei, alfajiri.

Baadhi ya wazee waliniomba niseme tu kwamba ilikuwa ajali, niache hayo mengine, nami nawaheshimu, lakini Chelimo amesema yasomwe, na Mzee ameitikia kwa kichwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliomtoa kwenye ndege kwa mikono yao, marubani wenzake, na kanisa lililokesha nasi.

Ndugu yangu Gideon, umetua, lala salama.

Nanyi wapendwa, mkisahau tarehe zote nilizosoma, tafadhali mkumbuke jambo moja: ndege haikuwa na kosa. Bwana Wakoli yuko pale nyuma, karibu na lango, amesimama tangu asubuhi ijapokuwa viti vipo. Kabla hatujaenda kaburini, mmoja wenu ampelekee kiti, amsalimie kwa mkono.