Nilicheza kwa Jina la Mdogo Wangu

Bwana asifiwe, kanisa! Asanteni. Ila leo naomba msinipigie makofi, na maman wa kwaya, wekeni vigelegele kando kwanza. Wiki tatu mchungaji amenipa nafasi hii, na kila Jumapili nilijifanya nina kikohozi. Leo nimesimama, na naogopa kuliko siku yoyote niliyoingia uwanjani.

Ndugu zangu, mnaniita Papa Anselme. Wazee mnamkumbuka yule beki wa kati aliyekuwa hapitiki. Vijana mnanijua kama sekretere wa ligi ya mji, yule mkali wa makaratasi. Basi sikieni aibu yangu: Anselme si jina langu. Anselme ni mdogo wangu, na yuko hai.

Nilipokuwa na miaka ishirini, klabu moja ya hapa Kisangani ilinitaka kwenye timu yake ya vijana, lakini umri wangu ulikuwa umepita. Kiongozi mmoja akaniambia nitafute jina lenye miaka michache. Hakuna aliyeshtuka, maana wengi walikuwa wanafanya hivyo. Mdogo wangu alikuwa kijijini Yanonge, analelewa na koko, mama yake baba yetu. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa katika sanduku la mama. Nilikichukua mama akiwa sokoni. Kwenye kadi ya klabu picha ikawa yangu, jina likawa lake.

Waliocheza mpira wanaujua ule ukaguzi wa kabla ya mechi. Mnapanga mstari, kiongozi anashika lisansi, ile kadi ya mchezaji yenye picha, anakutazama usoni, anakuuliza jina lako, mwaka uliozaliwa, baba yako nani, mama yako nani. Wenzangu waliotumia majina ya watu baki walikuwa wanatoka jasho hapo. Mimi nilijibu bila kumeza mate. Baba yake si ndiye baba yangu!

Miaka miwili baadaye mdogo wangu akarudi mjini. Ndugu zangu, yule kijana alikuwa anajua mpira kunishinda, nasema kweli mbele za Mungu. Klabu nyingine ikamwona, ikampeleka kuandikishwa. Kufungua daftari, wakakuta jina tayari lina mchezaji, na picha yake ipo. Wakamwita mwongo. Wakamtoa nje mbele ya watu kama mwizi wa jina, yeye mwenye jina! Alirudi nyumbani, akasimama mlangoni ananitazama. Nilikuwa nakula. Niliendelea kula. Baba yetu akamwambia asimharibie kaka yake njia. Baada ya siku chache alirudi Yanonge kuvua samaki, na mpira akauacha.

Mimi nikawa mtu. Mtaa mzima wa Mangobo uliimba Anselme, Anselme, nami nikazoea. Nilioa kwa jina hilo. Nilipookoka, mchungaji alinizamisha katika maji ya mto Tshopo akilitamka jina hilo, nikatoka nalia na kumsifu Mungu, mwongo mimi! Na mama alipofariki, kwenye matanga walisoma majina ya watoto wake. Walipotaja Anselme, watu walinisogezea kiti mimi. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na mlango. Alitazama chini. Nilikaa kwenye kile kiti.

Magoti yalipochoka, ligi ikanipa kazi ya ofisi. Kazi gani? Kukagua lisansi! Nilikuwa mkali kupita wote. Nilidhani nikiwakamata wengi, hakuna atakayepata muda wa kunitazama mimi.

Jumamosi moja, kwenye mechi ya vijana uwanjani Mangobo, golikipa mmoja, mtu mzima mwenye ndevu zake, alikwama kwenye jina la mama. Nikamvuta pembeni. Nikamsema vibaya, nikamwambia ni mwizi, kwamba mahali fulani kuna mtu amemwibia maisha. Hakubisha. Alinijibu polepole:

"Sekretere, ni kweli, ile jina iko ya cousin yangu. Lakini nilimuomba. Yeye mwenyewe alinipatia."

Nilimuomba! Ndugu zangu, mimi sikuomba. Hata siku moja. Nilimzuia kucheza, maana sheria ni sheria, lakini karatasi ya mechi nilishindwa kuitia sahihi. Nilimwachia mwenzangu, nikaenda kukaa nyuma ya goli, nikalia. Watu walidhani ni malaria.

Jumatatu nilipanda pikipiki hadi Yanonge. Nilimkuta Anselme anashona wavu. Nilipiga magoti kwenye matope mbele ya watoto wake, nikamsimulia mambo ambayo yeye aliyajua kuliko mimi. Hakuacha kushona. Alipomaliza tundu lile ndipo aliponitazama.

"Yaya, kaka yangu," akasema, "mimi nilikusamehe tangu zamani, sikutaka kubeba ile kitu. Lakini huku watu wote wanajua jina yangu. Enda useme kule wanakuita nayo."

Nilirudi. Nilianza na komite ya ligi. Waliniondoa kazini, na walikuwa na haki. Mmoja alinicheka, akauliza kwa nini nafukua yaliyokwisha kuoza. Mke wangu akaniuliza yeye ameolewa na nani. Nilikosa pa kuficha uso. Pakabaki hapa kanisani, na hapa ndipo nilipopaogopa zaidi, kwa sababu ninyi mliniombea kwa jina hilo miaka yote hii.

Sitawadanganya kwamba aibu imeisha. Bado ninayo, mnaiona. Lakini Yesu amenitoa katika woga! Nilikuwa nikisikia mtu wa kwetu anaongea sokoni, nabadilisha njia asije akanitaja kwa jina langu la kweli. Sasa napita. Namshukuru Mungu kwa golikipa yule, namshukuru kwa mdogo wangu, namshukuru mchungaji aliyekubali kunizamisha upya.

Na wewe ndugu yangu unayekalia kitu cha mwenzako, usingoje mpaka upate nguvu. Mimi sikuwa nazo. Mtegemee Yesu, nenda ukaseme. Yeye hakuandika jina la uongo kwenye kitabu chake, alikuwa ananingoja na lile la kweli.

Mimi naitwa Faustin. Mkinikuta njiani kesho, niiteni hivyo. Nisipogeuka, msichoke, niiteni tena.