Soda ya Machenza

Basi la kwenda Kambos lilikuwa halijatoka hata mjini Chios, na Markela alikuwa ameshaanza kumsimulia bibi aliyekaa naye, mtu asiyemjua kabisa, mambo ambayo hata padri wake hajayasikia. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nikijifanya nimelala.

"Mwanangu Isidoros karudi kutoka Melbourne. Kitu cha kwanza, 'Mama, nataka soda ya machenza yetu.' Nitaitoa wapi? Kwenye kiwanda cha soda tulichokuwa tukikiuzia machenza naona haya kupita, wananijua, na siku hizi siwapelekei hata chenza moja. Nikanunua soda ya supamaketi, nikaimimina kwenye chupa yetu ya zamani."

"Ehee! Akaitema?"

"Bora angeitema. Aliinywa huku machozi yanamtoka. 'Mama, hili ndilo shamba letu kabisa!'"

Bibi alicheka mpaka akagundua anacheka peke yake. "Si umwambie tu, dada? Mtoto wako wa kumzaa!"

"Nimwambie nilichoka kumwagilia, nikaiacha michenza ya marehemu baba yake ife kwa kiu?"

"Kwani hajaiona mwenyewe?"

"Kuta ndefu za mashamba ya Kambos huzijui? Huoni ndani mpaka ufungue geti. Na ufunguo ninao humu." Akaupapasa mkoba wake. "Nimemwambia umepotea."

Hapo hata mimi niliacha kujifanya nimelala.

Basi likasimama. Kituoni palikuwa na mwanamume mwenye ngazi ndefu begani, uso umejaa furaha.

"Mama, acha kuhangaika na ufunguo! Jirani kaniazima ngazi."