Phébé Hajasema Iruke

Benchi letu linatazamana na uwanja wa kituo cha afya hapa Kamina, na kahawa ya Mama Bibiche ndiyo inayotukalisha. Watu wa benchi hili wanajua kila kitu, hasa yale ambayo hawakuulizwa. Asubuhi ile Déborah, binti wa Papa Nyundo, alikuwa amejifungua kule Kinkondja na damu ilikataa kukoma. Damu ya kumwongezea ilishapakiwa kwenye drone, lakini Phébé, fundi wake, alikuwa bado anaizunguka, akigusa kila pangaboi kwa kidole.

— Anagusa-gusa juu ya nini? aliuliza Fils, mwendesha moto, yaani pikipiki ya abiria, tunayemwita Redio.

— Anaisalimia, alijibu Bokungu. Huyu tunamwita Koloneli, ingawa jeshini alikuwa mpishi. — Kitu ya kuruka, usipoisalimia, inakasirika.

— Aa, anaikinga na upepo, alisema Fils. Upepo ya ziwa Kisale iko na wivu, inapendaka kuangusha bitu ya bantu.

— Ona, ameinama!

— Mutaka cha mvunguni lazima ainame. Njo kusema amepoteza pete.

— Na banasemaka haraka haraka haina baraka. Basi afanye mbio! alimaliza Koloneli.

Tulicheka, kisha tukaona Papa Nyundo, mwisho wa benchi, hacheki. Maisha yake yote relini alipita kando ya mabehewa na nyundo, akigonga kila gurudumu na kusikiliza kabla treni haijaondoka. Gurudumu zima linaimba, alizoea kutuambia, lenye ufa linakohoa.

Phébé akasimama ghafla. Alifungua pangaboi moja, akalielekeza juani, na mwanga ukapenya kwenye ufa mwembamba. Tulimwona akitikisa kichwa. Akalitupa, akafunga jipya, halafu akaanza kukagua upya tangu mwanzo.

— Weye mama! Koloneli alipiga kelele. Mutoto ya muntu anakufa! Rusha!

— Ufa kiloko, kadogo vile? alisema Fils. Moto yangu iko na bufa mingi, na inatembea!

— Mumuache, alisema Papa Nyundo.

— Papa, iko mutoto yako!

— Njo maana nasema mumuache. Ku reli bantu balinitukana mingi, eti minyi Nyundo njo nachelewesha treni. Leo minyi njo nataka kutukana. Nafunga kinywa.

Akakifunga kweli, kwa mkono.

Phébé aliinua kidole gumba. Drone ikapanda, ikakata kuelekea Kinkondja, nasi sote tukasimama. Nilimpenda yule dada kwa ukaidi wake, nasema wazi.

Kahawa ilitupoa mikononi. Hatimaye simu ya Papa Nyundo ikalia. Alikuwa mkwe wake.

— Damu imefika! Déborah amefungua macho, anaomba maji!

Mzee alilia mbele yetu bila kujificha.

— Fils, unipeleke ku parokia, nimushukuru Mungu!

Fils alishawasha pikipiki yake, mzee ameshapanda nyuma, ndipo akafika Denise, mke wa askari wa Base, kambi ya jeshi, na kikombe chake mkononi. Hakuwa ameona lolote.

— Fils, aliuliza akitazama breki za pikipiki, frein yako inakamata?

Fils alimtazama Koloneli. Koloneli alitazama kahawa. Mimi nilikumbuka kwamba jana nilipanda pikipiki ileile bila kuuliza, nikatazama pembeni.

Papa Nyundo alishuka taratibu. Akaokota jiwe, akagonga rimu ya nyuma, akatega sikio.

Ilikohoa.

— Nitaenda na miguu, alisema.